Sindano ya Kudhibiti Virusi: Nani Atangulie Garsen?

Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, safari ya kliniki kwa watu wengi wa eneo la Garsen, kwenye delta ya mto huo, ilikuwa ya kuvuka maji. Anayeishi na virusi vya Ukimwi kule Ozi au Chara huwa na wasiwasi vidonge visimwishie kabla njia hazijakauka. Mfugaji wa Kiorma naye hufuata malisho, akazidi kuiacha kliniki nyuma.

Hao ndio ninaowafikiria ninaposikia habari za sindano ya cabotegravir na rilpivine, inayochomwa makalioni kila baada ya miezi miwili badala ya kidonge cha kila siku. Julai 2025, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watu wazima na vijana ambao vidonge vimekwisha kudhibiti virusi vyao, na ambao hawana homa ya ini aina ya B.

Masharti hayo yana sababu. Vidonge vya kawaida vina tenofovir, ambayo hudhibiti pia homa hiyo ya ini, lakini sindano haiidhibiti. Kuna vikwazo vingine pia: anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin hafai kuchomwa. Rilpivine hutunzwa kwenye friji. Na anayekosa tarehe hubaki na dawa kidogo mwilini kwa miezi mingi, virusi vikapata nafasi ya kuwa sugu.

Hofu yangu ni kwamba dozi chache zikifika, watachaguliwa walio rahisi kufuatiliwa: wa mjini, wasiokosa kliniki. Lakini hao vidonge vinawatosha. Utafiti wa IMPALA uliandikisha watu 540 wa Kenya, Uganda na Afrika Kusini, waliowahi kushindwa kumeza dawa ipasavyo kisha wakafanikiwa kushusha virusi. Matokeo ya 2025 yalionyesha sindano haikuwa duni kuliko vidonge. Kuwahi kuteleza, basi, kusimnyime mtu nafasi.

Kwa maoni yangu, miongoni mwa wanaotimiza masharti ya kitabibu, atangulie yule ambaye kuonekana na vidonge kunamweka hatarini: mwanafunzi wa bweni, au mke anayeogopa kupigwa na kufukuzwa. Afuate mfugaji na mkaazi wa vijiji vinavyozingirwa na maji, mradi wamekubaliana na kliniki mapema watachomewa wapi wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Bila mpango huo, kumwanzishia sindano ni kumdhuru.

Vigezo vitangazwe wazi, majina yabaki siri. Hapa kwetu, mapigano ya 2012 kati ya jamii za Wapokomo na Waorma yaliua watu zaidi ya mia moja. Orodha itakayoshukiwa kupendelea upande mmoja itavunja imani iliyojengwa kwa taabu. Wanaoishi na virusi kutoka jamii zote, Wardei wakiwemo, wawe mezani vigezo vinapoandikwa.

Na kabla ya dozi ya kwanza, kaunti ihakikishe kuna vipimo vya homa ya ini, friji inayotumia umeme wa jua na boti yenye mafuta. Vikikosekana hivyo, umbali ndio utakaoamua nani apate, na wa mbali watakosa tena.