Kwenda ufukweni peke yako kwa pikipiki: nini hukumu yake?



SUALI: Sheikh, nina miaka 22, nakaa Kikwajuni. Jumamosi nataka kuazima pikipiki ya rafiki yangu niende Makunduchi asubuhi na nirudi jioni, peke yangu, kupumzisha akili tu. Mama hataki. Anasema Mtume amekataza mtu kusafiri peke yake. Je, ni kweli? Na nikienda, nitapunguza Sala?

JAWABU: Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Masahaba zake.

Mama yako hakuzua. Ipo Hadithi ya Ibn Umar (Allah amridhie), aliyoipokea Imamu Bukhari, ambayo ndani yake Mtume (Rehma na amani zimshukie) anaonya juu ya mtu kusafiri usiku akiwa peke yake. Lakini katika mlango huohuo Bukhari ameweka pia habari ya Zubayr bin Awwam, ambaye siku ya Khandaq alijitolea kwenda kuleta habari za maadui. Wanavyuoni wamezikusanya pamoja wakasema: kwenda peke yako bila haja, hasa usiku au penye khofu, ni makuruhu. Ama penye amani au haja, hakuna ubaya.

Barabara ya Mjini hadi Makunduchi mchana ina watu, vijiji na gari za abiria. Kwa hivyo asili ya safari yako ni halali. Lakini sababu ya katazo haijaondoka: mtu akiwa peke yake akapatwa na jambo, nani atamjua? Nimewahi kumsalia mwanafunzi wangu wa madrasa aliyeanguka na pikipiki jioni akirudi kutoka shamba. Nyumbani hakuna aliyejua kuwa katoka. Mama yake alikuwa keshampakulia chakula cha usiku, anamngojea.

Kuhusu Sala: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, mwendo unaoruhusu kupunguza ni marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa leo wanazikadiria baina ya kilomita 81 na 89. Mwendo huo huhesabiwa wa kwenda tu. Kwenda na kurudi havijumlishwi. Kutoka Mjini hadi Paje ni takriban kilomita 50, na Makunduchi ni zaidi ya 60 kidogo. Nungwi nako hakufiki kiwango hicho. Basi Adhuhuri utaisali rakaa nne kwa wakati wake, na Laasiri kwa wakati wake, bila kukusanya. Ndugu zetu Ibadhi wao huhesabu farsakhi mbili, kama kilomita 12, hivyo mkikutana njiani mwenzako akasali mbili, usimgombeze. Kila mmoja ana dalili zake.

Umefanya vyema kuchagua Jumamosi. Kwetu, anayewajibikiwa na Ijumaa haruhusiwi kutoka mjini baada ya Alfajiri ya siku hiyo, ila akijua ataipata njiani. Na ukipita Kizimkazi Dimbani, ingia usali Sunna katika msikiti ule wa kale wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107).

Sasa pikipiki. Kitu cha kuazima, kwa Mashafi, kiko katika dhamana yako. Kikiharibika kwa matumizi ya kawaida uliyoruhusiwa, huna deni. Lakini kikiibiwa au ukianguka nacho, utalipa, hata kama hukufanya uzembe. Kwa hiyo mwambie rafiki yako wazi unakwenda wapi, na ujiulize kama unao uwezo wa kulipa.

Zito kuliko hilo ni roho za watu. Anayemuua Muislamu kwa makosa, Qur-ani katika Suratin Nisaa imemuwajibisha diya kwa warithi, ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, na ndiyo hali yetu leo, hufunga miezi miwili mfululizo. Watoto wa skuli wanaovuka barabara vijijini hawajui kuwa wewe unapumzisha akili. Punguza mwendo penye nyumba, na pale Jozani ambapo kima punju huvuka barabara, kwani mnyama naye ana haki.

Basi fanya hivi. Vaa kofia ngumu na uifunge, kwani Allah ametukataza kujitia katika maangamizo. Chukua leseni. Soma dua ya kipando iliyomo katika Suratiz Zukhruf, ambayo mwisho wake unatukumbusha kuwa sote tutarejea kwa Mola wetu. Toka baada ya Alfajiri, piga simu ukifika, na uanze kurudi baada ya Laasiri ili Magharibi ikukute nyumbani.

Ama ruhusa ya mama: safari fupi yenye amani haimlazimu mtu mzima kuombea idhini. Lakini si kila kisicholazimu kinafaa kuachwa. Kaa naye, mwoneshe njia utakayopita na saa utakayorudi. Akiendelea kuwa na khofu, mchukue ndugu au rafiki mwenye pikipiki yake mwende wawili. Bahari ya Makunduchi haihami, na radhi za mama ni bora kuliko upepo wake.

Nawe mama, usimkataze kijana wako kila kitu, asije akazoea kutoka bila kuaga.

Wallahu aalam.