Burundi na Njia Yake ya Pwani

Burundi haina bahari, na hata mito yake haielekei pwani ya Afrika Mashariki. Mvua inayonyesha kaskazini na katikati ya nchi huingia mto Ruvubu, ikapita Kagera, ikafika Ziwa Viktoria na kuteremka na Nile mpaka Mediterania. Inayonyesha magharibi na kusini, pamoja na ile ya bonde la Malagarasi mpakani na Tanzania, huishia Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo hutokea mto Lukuga kuelekea Kongo na Atlantiki. Hakuna tone linalofika Bahari ya Hindi. Lakini petroli, saruji, ngano na dawa zinazoingia Burundi, na kahawa inayotoka, kwa sehemu kubwa hupita Dar es Salaam. Kabla ya Dar es Salaam kushika nafasi hiyo, njia ya bara ilikuwa inaishia Bagamoyo.

Nchi yenyewe ni ndogo: kilomita za mraba 27,834, ikiwa na watu zaidi ya milioni 12. Magharibi kuna uwanda wa Rusizi na ziwa, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, penye joto na michikichi. Kutoka hapo ardhi inapanda ghafla hadi safu ya milima inayogawa maji ya Nile na ya Kongo, ambako kuna msitu wa Kibira na kilele cha Heha chenye mita zaidi ya 2,600. Kisha inateremka polepole, kilima baada ya kilima, hadi mpaka wa Tanzania. Rutovu, kusini ya nchi, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 kwenye chemchemi ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitaja kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Warundi wengi hawaishi vijijini kwa mtindo wa nyumba zilizobanana. Kila kaya ina boma lake katikati ya migomba, na anwani ya mtu ni kilima chake.

Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa ufalme wa mwami, ukiendeshwa kwa msaada wa wana wa ukoo wa kifalme walioitwa Baganwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikiwa na nguo za merikani, shanga na waya wa shaba ilipita Ugogo na Tabora hadi Ujiji, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Ufalme wa Burundi ulikuwa jirani kabisa na Ujiji, lakini haukuruhusu wafanyabiashara hao kuingia na kutawala. Mwezi Gisabo, mwami wa nusu ya pili ya karne hiyo, aliyazuia majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, wakati ambapo maeneo mengi upande wa pili wa ziwa yalikuwa yamekwisha kuvunjwa na biashara ya watumwa. Mafanikio hayo yanastahili kukumbukwa kuliko yanavyokumbukwa. Mpelelezi Stanley, aliyeanza safari yake Bagamoyo mwaka 1871, alipita na mpelelezi mwenzake Livingstone kwenye ufukwe wa Burundi mwezi Novemba mwaka huohuo walipokwenda kutazama mdomo wa Rusizi, na hadi leo lipo jiwe kubwa lenye majina yao kusini ya Bujumbura.

Wajerumani, ambao hadi 1891 makao yao makuu ya Afrika Mashariki yalikuwa Bagamoyo, walifika ziwani na kuweka kituo Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Gisabo aliwapinga kwa miaka kadhaa, kisha akalazimika kukubali mamlaka yao katika mkataba wa Kiganda wa 1903. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Kwa reli hiyo Bagamoyo ilipoteza misafara yake, na Burundi ikapata njia mpya ya kufika baharini: meli hadi Kigoma, kisha treni.

Wabelgiji waliitwaa nchi mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu. Baada ya vita waliitawala pamoja na Rwanda kwa jina la Ruanda-Urundi, chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa wakati ule. Kwa kuwa koloni lao jipya halikuwa na bandari, mwaka 1921 walikubaliana na Uingereza wapewe maeneo Dar es Salaam na Kigoma, yakaitwa Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka na bila ukomo wa muda. Tanganyika ilipokaribia kuwa huru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alisema waziwazi kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mkataba wa milele uliowekwa na wakoloni. Mizigo iliendelea kupita, lakini kwa masharti ya nchi yenye bandari.

Ndani ya Burundi Wabelgiji waliacha majeraha makubwa zaidi. Waliwatumia machifu wa Kiganwa na Kitutsi, wakawaondoa wengi wa Kihutu, na kuukaza mgawanyiko wa Wahutu na Watutsi ambao zamani ulikuwa na nafasi ya mtu kupanda na kushuka. Kuanzia miaka ya 1930 walilazimisha wakulima kupanda kahawa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA na rafiki wa Nyerere, alishinda uchaguzi wa Septemba 1961 kwa kuwaunganisha Warundi wa makundi yote. Aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962 bila yeye.

Mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero aliuondoa ufalme, na mwaka 1972 serikali yake iliua Wahutu wanaokadiriwa kuwa laki moja au zaidi. Walionusurika walivuka hadi Tanzania na kupewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania miongo minne baadaye. Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya walitwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1976 na 1987. Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa na wananchi, aliuawa Oktoba 1993 baada ya miezi michache tu, na mrithi wake, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege ya rais wa Rwanda iliyokuwa ikitoka mkutanoni Dar es Salaam. Vita vilivyofuata viliua watu wapatao 300,000.

Buyoya aliporudi kwa mapinduzi mengine mwaka 1996, majirani waliifungia Burundi njia za biashara hadi mwanzo wa 1999. Hapo ndipo ilipoonekana wazi maana ya kukosa bahari: bei zilipanda na petroli ikawa adimu, na mzigo wa uamuzi ukamwangukia mkulima ambaye hakumpindua mtu yeyote. Nyerere alisimamia mazungumzo ya amani ya Arusha hadi alipofariki Oktoba 1999. Nelson Mandela akayamalizia, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Pierre Nkurunziza alichaguliwa 2005, na mwaka 2007 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Muhula wake wa tatu, mwaka 2015, ulileta ghasia na wimbi jipya la wakimbizi kuelekea Kigoma. Évariste Ndayishimiye ameongoza tangu 2020. Makao makuu ya nchi sasa ni Gitega, ingawa biashara imebaki Bujumbura.

Watu wengi hulima maharage, mihogo, viazi na ndizi kwenye vishamba vinavyozidi kugawanywa kila kizazi. Ziwani huvuliwa dagaa na mgebuka, ambao Warundi huuita mukeke. Fedha za kigeni zimetegemea kahawa na chai, na siku hizi dhahabu. Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu, humenywa na kuoshwa, hukaushwa kwenye vichanja, kisha magunia husafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 1,000 kabla hayajaiona meli. Gharama hiyo hukatwa kwenye bei ya mkulima wa Ngozi au Kayanza, na hulipwa tena petroli inaporudi njia ileile. Uhaba wa fedha za kigeni umefanya vituo vya mafuta kukauka mara kwa mara katika miaka ya karibuni. Kulaumu umbali peke yake hata hivyo ni kukosea, maana vita na mapinduzi vimeteketeza mengi ambayo nchi ingeweza kujijengea.

Musongati, kusini mashariki, kuna nikeli nyingi ambayo hailipi kubebwa kwa malori. Kwa sababu hiyo Tanzania na Burundi zinajenga reli ya kisasa ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Januari 2025. Mkoani Pwani, katika bandari kavu ya Kwala, Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotengewa eneo la mizigo. Bandari ya Mbegani, kati ya Mapinga na mji wa Bagamoyo, iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2015 na mradi ukasimamishwa mwaka 2019, kwa hiyo Dar es Salaam bado ndiyo lango ambalo bei za Bujumbura hulitegemea.