Ufunguo wa Daftari la Majina

Desturi ya kuandika majina ya watu katika daftari ni ya siku nyingi, nayo ina manufaa makubwa. Kwa daftari, mtoto hupata nafasi shuleni, mgonjwa hupata dawa, na mgeni hupata mgao wake. Lakini daftari hilo hilo likisomwa na asiyehusika laweza kumdhuru aliyeandikwa humo. Ndiyo maana kila ofisi itunzayo majina ya watu yapaswa kujua wakati wote ni nani mwenye ruhusa ya kuyasoma.

Jambo hili laonekana wazi huko Dzaleka, wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Dakta Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, lakini imekuja kuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kila siku. Mwishoni mwa 2013, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilifanyia majaribio huko Dzaleka mtambo mpya wa kutambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho. Daftari la namna hiyo si la karatasi tena.

Kumbukumbu zinapoingia katika kompyuta, mara nyingi hupatikana kanzidata mbili. Ya kwanza ni ya kazi za kila siku. Ya pili ni ya uchambuzi, ambamo kumbukumbu za pande zote hukusanywa ili zihesabiwe na kulinganishwa. Hii ya pili yahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa mambo mengi yamo pamoja, na wanaoitaka ni wengi: mhasibu, mtafiti, mfadhili, hata mwanafunzi aliye katika mazoezi.

Tuchukue mfano wa chama kidogo chenye ofisi katika mtaa wa Chilinde, Lilongwe, kinachofundisha ushonaji Dzaleka. Mtafiti hupiga simu akiomba kuona takwimu. Fundi wa kompyuta humfungulia papo hapo. Miezi sita baadaye mtafiti amekwisha ondoka, lakini mlango wake ungali wazi. Neno moja la siri hutumiwa na watu wanne. Mwenyekiti akiuliza ni nani awezaye kusoma majina, hakuna wa kumjibu kwa hakika.

Wataalamu wa kompyuta wamebuni njia iliyo nyoofu. Badala ya fundi kutoa ruhusa kwa mkono, ruhusa zote huandikwa katika faili moja: fulani yumo katika kundi la takwimu, kundi hilo lasoma hesabu za wanafunzi kwa umri na kijiji, wala halisomi majina, ruhusa yakoma tarehe 30 Juni. Programu kama vile Terraform, iliyotolewa mwaka 2014, au OpenTofu, ambayo ni huru kwa wote, huisoma faili hiyo, huonyesha kwanza ni ruhusa gani itaongezwa na ipi itaondolewa, kisha hutekeleza.

Faida yake ni kwamba mabadiliko husomwa na mtu wa pili kabla ya kupita, kama vile hundi ya chama cha ushirika inavyotiwa sahihi mbili. Faili huwekwa katika programu ya Git, ambayo hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Mtu akiacha kazi, mstari wake hufutwa, programu huendeshwa tena, na ruhusa yake huondoka.

Hata hivyo, mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, maneno ya siri yasiandikwe kamwe katika faili hiyo. Pili, tarehe ya mwisho haitajitekeleza yenyewe iwapo kanzidata haikuamriwa kuifuata, au hakuna aliyepewa zamu ya kuendesha programu siku hiyo. Tatu, programu husimamia yale tu iliyokabidhiwa. Mtu aliyefunguliwa mlango kwa pembeni yaweza isimwone. Kwa sababu hiyo, kila mwezi orodha itolewe katika kanzidata yenyewe na kulinganishwa na faili.

Pengine msomaji atadhani kuwa haya ni mambo ya mafundi peke yao. La, sivyo. Mwezi Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa kompyuta wamezifikia habari za watu zaidi ya 515,000, miongoni mwao waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita. Wavamizi hao walipitia kasoro ya programu, na faili ya ruhusa haizibi kasoro ya namna hiyo. Lakini tukio hilo latufundisha kuwa majina yasiyohitajika yasikusanywe, na yanayohitajika yasomwe na wachache. Mama aliyevuka mipaka akimkimbia adui yake hana kinga nyingine dhidi ya mtu aulizaye anakaa nyumba gani.

Malawi ilipata sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2024. Ya Tanzania ilitungwa 2022. Basi, unapotoa jina lako au la mwanao kwa ofisi yoyote, uliza kwa adabu: ni nani atakayelisoma, na hadi lini? Ofisi iliyoandika ruhusa zake itakujibu bila kusita.