Mgawanyo wa Uzito kama Kigezo cha Kuteua Kipakizi Kidogo katika Ujenzi na Utengenezaji wa Bustani

Kipakizi kidogo kigeukacho kwa kuteleza, ambacho mafundi wengi hukiita Bobcat hata kinapotoka kwa kampuni nyingine, kilianzia katika banda la batamzinga. Mwaka 1957 ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, waliokuwa na karakana katika mji wa Rothsay, jimbo la Minnesota nchini Marekani, walimtengenezea mfugaji mashine nyepesi ya magurudumu matatu ya kuzoa samadi na kuzunguka katika nafasi finyu. Kampuni ya Melroe iliupokea ubunifu huo, na mwaka 1960 ikaliondoa gurudumu la nyuma na kuweka ekseli ya pili. Magurudumu manne yasiyokunja kona, yote yakiendeshwa na injini, ndiyo yaliyoipa mashine hii tabia yake ya leo.

Tabia hiyo haieleweki bila kuchunguza uzito. Magurudumu ya kushoto huendeshwa pamoja, na ya kulia vivyo hivyo. Upande mmoja ukipunguza mwendo au ukirudi nyuma, mashine hujigeuza papo hapo kwa kuyaburuza magurudumu juu ya ardhi. Kijiko kikiwa kitupu, takriban asilimia 70 ya uzito huwa nyuma, iliko injini, hivyo magurudumu ya mbele ndiyo huteleza. Kijiko kikijaa, uzito huhamia mbele na ya nyuma ndiyo huteleza. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye mteremko upande mzito sharti uelekee juu: mashine tupu hupanda kinyumenyume, na yenye mzigo hupanda ikitazama mbele. Mwendeshaji asiyeifahamu kanuni hii huweza kupinduka hata kwenye mteremko anaouona wa kawaida.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu za farasi. Swali hilo lingefaa kuja baadaye. Kinachopaswa kutangulia ni uwezo wa kubeba ulioidhinishwa, ambao kwa mashine za magurudumu ni nusu ya mzigo unaoweza kuipindua ikiwa imesimama mahali tambarare. Kwa zile za minyororo ya mpira, watengenezaji wengi hutumia asilimia 35. Chukulia mashine yenye uwezo wa kilo 800. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 1,000, na mashine hiyo itaiinua bila kulalamika, kwa kuwa haipinduki hadi mzigo ukaribie kilo 1,600. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Shimo moja dogo, au breki ya ghafla mikono ikiwa juu, hutosha kuimaliza akiba yote. Aidha, uma za kubebea huusogeza mzigo mbele zaidi ya kijiko, na hivyo kuupunguza uwezo huo.

Umbo la mikono nalo hufuata mantiki hiyo. Mikono inayopanda kwa tao hufika mbali zaidi katikati ya safari yake, hivyo hufaa kuchimba, kusawazisha na kumwaga udongo nyuma ya ukuta. Inayopanda wima huuweka mzigo karibu na mwili wa mashine hadi juu, kwa hiyo hubeba zaidi na hufaa kupakia malori, ingawa bei yake kwa kawaida ni kubwa.

Kwa kazi za bustani, swali zito ni ardhi. Magurudumu yanayoburuzwa huchana nyasi, na juu ya zege huliwa upesi. Minyororo ya mpira husambaza uzito, jambo lenye manufaa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Athi nchini Kenya, unaogeuka tope msimu wa mvua. Lakini gharama ya kuibadilisha ni kubwa, na kwenye kokoto kali huharibika haraka. Kwa kandarasi ambaye kazi zake nyingi ni za kusakafia nyua, magurudumu yanatosha.

Mtiririko wa mafuta ya haidroliki huhitaji kuangaliwa tu pale panapokusudiwa vifaa kama mashine ya kukwangua lami.

Mashine ikiwa imetumika, ukaguzi wa kwanza uwe wa kizuizi cha kiti. Mwendeshaji huingia kwa mbele, akipita kati ya mikono, na kizuizi hicho ndicho huifunga mikono isishuke anapoinuka. Kikiwa kimefungwa waya ili kisisumbue, mashine hiyo haipaswi kununuliwa kabla ya kutengenezwa.