Mtoto huyu ni wa nani hapa?

Mama anayeuza samaki anatoka mtaa wa Nyalenda, Kisumu, alfajiri ili awahi mitumbwi ikitia nanga ufuoni Dunga. Mtoto wake wa miaka miwili anabaki kwenye kituo cha malezi cha mtaani. Je, pale mlangoni anapokewa na nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua siku ya mtoto itakavyokwenda.

Kituo chenye walezi watatu kinaweza kupangwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kugawana kazi: mmoja anaosha, mwingine ananywesha uji, wa tatu analaza. Kazi inakwisha upesi, lakini mtoto amepita mikono mitatu na hakuna aliyemjua. Ya pili ni kugawana watoto. Kila mlezi ana wake: anawapokea, anawalisha, anawalaza, na jioni anawakabidhi kwa mzazi. Huyo ndiye mlezi maalumu. Nchini Uingereza, mtaalamu wa malezi Elinor Goldschmied aliutetea mpango huu kwa miaka mingi, na tangu 2008 vituo vya England vinatakiwa kumpa kila mtoto mlezi wake.

Faida yake huonekana katika mambo madogo. Mtoto anasema "pi", na mlezi asiyejua Kijaluo anadhani ni mchezo. Mlezi wake anajua anaomba maji. Mama anasema, "Usiku alikohoa sana," na neno hilo linamfikia yule yule atakayemlaza mchana. Mtoto akikataa uji, mlezi wake anajua kama ni deko au ni homa inayoanza.

Wazazi wengine huhofu kwamba mtoto atamganda mlezi, ashindwe kujitegemea. Utafiti uliofanyika jirani tu, Uganda, unaonyesha kinyume. Katikati ya miaka ya 1950, mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake kilitoka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali naye, hugusa hiki na kile, kisha hurudi kuhakikisha kwamba yupo. Uhakika ndio unaompa ujasiri wa kwenda. Aliona pia kwamba mtoto aweza kushikamana na watu zaidi ya mmoja, kwa hiyo mlezi hamnyang'anyi mama nafasi yake.

Waluo hawakungoja kuambiwa. Mama akienda shambani, mtoto aliachiwa japidi, yaani mlezi wake, mara nyingi dada au binamu, na kila mtu bomani alijua japidi wa kila mtoto ni nani. Kituo cha mjini kimechukua kazi ya japidi. Kisiliache jambo lililoifanya kazi hiyo ifae.

Mpango huu hauondoi shida ya idadi. Mlezi mmoja mwenye watoto thelathini hawezi kuwa wa yeyote kati yao. Pia kila mtoto ahitaji mlezi wa pili aliyemzoea, kwa siku ambayo wa kwanza anaugua. Lakini walipo walezi wawili au watatu, kugawana watoto hakuhitaji jengo jipya.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka chekechea na vituo vya malezi mikononi mwa kaunti. Afisa anapokuja kukagua vyoo na madirisha, na amwonyeshe mlezi mtoto mmoja na kumuuliza: huyu ni wa nani hapa? Akijibiwa "ni wetu sote", basi mtoto huyo bado hana mtu.