Bei ya Kubisha Hodi

Anayetaka kusomea udaktari Marekani huonywa kuhusu ada ya chuo. Ada hiyo ni kubwa kweli, lakini hukopesheka. Gharama ya kuomba nafasi haikopesheki, kwa kuwa mkopo wa masomo hupewa aliyekwisha kupata chuo. Mwombaji hana chuo bado. Lazima atoe fedha taslimu, na hapo ndipo wengi huishia.

Tuhesabu. Ada ya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, inazidi dola 300. Maombi mengi hupitia mfumo wa pamoja uitwao AMCAS, ambao siku hizi hutoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na dola 40 na ushei kwa kila kinachoongezwa. Kisha chuo hutuma fomu yake ya pili, ambayo mara nyingi huja na malipo mengine ya dola 100 hivi. Msimu wa 2021–2022, mwombaji mmoja aliomba kwa wastani vyuo 18 hivi. Jumla yake inakaribia dola 3,000, na hapo hatujagusa vitabu vya kujiandaa wala siku alizokosa kazini.

Kinachouma ni hiyo 18. Kila ombi ni bahati nyingine, hivyo wawili wenye alama sawa hawana nafasi sawa ikiwa mmoja ameomba vyuo 30 na mwenzake vitano. Uchambuzi wa AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari, ulionyesha mwaka 2018 kwamba takriban robo tatu ya wanafunzi walitoka katika makundi mawili ya juu kati ya matano ya kipato. Kundi la chini kabisa lilikuwa na asilimia 5 hivi. Shule duni huwachuja watoto maskini mapema zaidi, sikatai. Ila chujio hili la malipo liliwekwa kwa uamuzi wa watu, na linaweza kuondolewa vivyo hivyo.

Texas hutoza ada moja kwa vyuo vyake vya umma vya udaktari, uombe kimoja au vyote. Uingereza imeweka kikomo: kozi nne tu za udaktari katika fomu moja, kwa tajiri na maskini. Na Marekani kwenyewe, tangu 2020 usaili mwingi hufanyika kwa intaneti, na nauli ya ndege imetoka kwenye hesabu.

AAMC pia ina mpango wa msaada unaopunguza ada ya MCAT na kufuta ada ya AMCAS kwa vyuo hadi 20. Kijana wa familia ya Kikongo iliyopokelewa kama wakimbizi anaweza kustahili. Ila mpango huo hauangalii nyuma: kilichokwisha kulipwa hakirudi. Mzazi uliye Marekani, mwambie mwanao aombe msaada huo na asubiri jibu, ndipo ajiandikishe kwa mtihani.