Mwamba Ngoma Huivutia Kwake

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaojitangaza katika simu zetu kuwa ni mabingwa wa kutajirika. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja aliyekulia katika parishi yetu alirudi kutoka mjini akiendesha gari zuri. Aliniomba dakika tano baada ya matangazo ili amshukuru Mungu mbele ya watu, nami nikamruhusu. Alisimulia jinsi alivyoanza na shilingi 5,000 tu, akajifunza kwa njia ya intaneti kununua na kuuza fedha za kigeni, na ya kuwa sasa yeye naye anafundisha wengine. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Juma lililofuata, mama mmoja mjane aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mwanawe alipe ada ya masomo yale na kupata mtaji. Kabla ya miezi mitatu kwisha, fedha zote zilikuwa zimepotea. Nilipokwenda kumwona, mama yule hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, nilidhani kwamba ukimruhusu mtu kusimama pale mbele, umekwisha kumpima."

Sikuwa nimempima. Nilikuwa nimelitazama gari.

Ndugu msikilizaji, labda utasema kijana yule alikuwa mwongo. Lakini gari lilikuwapo, tuliliona sote. Swali nililopaswa kumwuliza ni hili: fedha za gari hili zimetoka katika biashara unayoifundisha, au zimetoka kwa hao unaowafundisha? Nilipomwuliza baadaye, alikiri kwamba sehemu kubwa ilitokana na ada za wanafunzi. Tena dalali mmoja alimlipa kamisheni kwa kila mteja aliyempelekea. Mwanafunzi apate faida au apate hasara, mwalimu alikuwa amekwisha kulipwa. Wazee wetu walisema, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mnakumbuka habari za kware, hasa mwaka 2013 na 2014. Ilisemwa kwamba mayai ya kware yanaponya magonjwa mengi, na yai moja dogo likauzwa kwa makumi ya shilingi. Watu walikopa, wakajenga vibanda na kununua ndege. Ni nani aliyetajirika? Wengi wao ni wale waliotangulia, kwa sababu waliwauzia vifaranga na mayai ya kuangua wale waliokuja nyuma. Wafugaji walipokuwa wengi, hapakuwa tena na wa kuwauzia, maana mlaji wa kawaida hakuwa na haja ya mayai yale kwa bei ile. Bei ikaanguka, na wengine wakawala kware wao kama kitoweo. Ushuhuda wa wale wa kwanza ulikuwa kweli, lakini haukuwa njia ambayo kila mtu angeweza kuifuata.

Sasa tuitazame biashara hii ya fedha za kigeni. Mtu mwenye shilingi 5,000 huambiwa kwamba dalali atamwezesha kushika biashara ya shilingi 500,000. Bei ikipanda kwa asilimia 1, amepata shilingi 5,000 nyingine, na mtaji wake umekuwa maradufu. Hilo ndilo analoambiwa. Lakini bei ikishuka kwa asilimia 1 hiyo hiyo, mtaji wote umekwisha, na bei za fedha zaweza kusogea kiasi hicho kwa siku moja. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya fedha ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba katika biashara za namna hii, kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupata hasara. Ikawaamuru madalali wamwonyeshe kila mteja ni wateja wao wangapi katika mia wanaopoteza fedha.

Basi fikirini. Watu 100 wakiingia, na 80 wakapoteza, ni nani atakayepiga picha ya hasara yake na kuwapelekea rafiki zake? Wale 80 hunyamaza kwa aibu. Tunaowasikia ni wachache waliosalia, nasi twadhani hao ndio wote. Tena hata picha ya faida si ushahidi kamili. Madalali hutoa akaunti za majaribio zenye fedha za kuchezea, na mtu aweza kuonyesha faida ya huko kana kwamba ni fedha halisi.

Je, Kanisa lina neno juu ya haya? Ndiyo, tena la zamani. Kuna kitabu kidogo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Msomi wa Kiyunani, Philotheos Bryennios, aliupata mswada wake mjini Constantinople mwaka 1873, akauchapisha mwaka 1883. Wataalamu wengi hukadiria kwamba kiliandikwa karibu na mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Siku zile wahubiri wengi walisafiri mji hata mji, na washarika hawakuwa na njia rahisi ya kujua yupi wa kweli. Kitabu kinawafundisha kumpokea mgeni kwa upendo, kisha kuutazama mwenendo wake. Mjumbe anayesafiri akikaa siku tatu, au akiomba fedha anapoondoka, si wa kweli. Nabii akidai kwamba Roho anamwambia apewe fedha, asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wengine wenye shida, asihukumiwe. Na anayefundisha kweli asiyoitenda ni wa uongo.

Mnaona hekima yao? Waliuliza ni nani anayefaidika, na kama mwenendo wa mtu unalingana na maneno yake. Tena Luka anawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo wa utayari, lakini kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama aliyosema ni kweli (Matendo 17:11). Paulo hakukasirika. Mtu wa kweli haogopi kupimwa.

Kwa hiyo, unapomsikia bingwa kwenye simu, jiulize maswali manne.

La kwanza: anakula kutokana na kazi anayoifundisha, au kutokana na kuifundisha?

La pili: anawataja walioshindwa? Bwana shamba wa kweli, kabla hajakuambia bei ya kahawa, atakuambia habari za magonjwa yake na miaka utakayongoja mavuno. Anayetaja faida peke yake hajakueleza kazi.

La tatu: ni nani awezaye kumwajibisha? Hapa Kenya, dalali wa fedha za kigeni kwa njia ya intaneti anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, chini ya kanuni za mwaka 2017. Uliza leseni, kisha uihakikishe kwa Mamlaka yenyewe, usiitazame kwenye picha aliyokutumia. Hata hivyo, leseni si ahadi ya faida.

La nne: anakuharakisha? Anayesema nafasi zinakwisha leo usiku hataki ulale ukafikiri, wala umwulize jirani.

Nami nilikuwa na deni. Jumapili moja nilisimama mbele ya washarika nikaungama kwamba nilimpa mtu mimbari kwa sababu ya gari lake. Ndipo mwana wa yule mjane akaomba kusema. Alisema kwa dakika mbili tu, macho yake chini, akataja ni kiasi gani alichopoteza na jinsi ilivyokuwa. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya ibada vijana watatu walinijia, wakasema walikuwa karibu kutuma fedha zao, na sasa wataziweka.

Ndugu mpendwa, kama wewe nawe ulipoteza, usinyamaze kwa aibu. Huenda ushuhuda wako ndio utakaomwokolea mama mwingine ng'ombe wake.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona zaidi ya yale yanayong'aa, na ujasiri wa kuuliza. Uwafariji waliodanganywa, na utusamehe sisi tuliowapigia makofi waliowadanganya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.